Gasketi ya Ndama

Mimi nilitaka ng'ombe. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana watu wa hapa Kibosho wakiisimulia habari hii wananifanya mimi ndiye mbaya, mama asiyetaka mwanawe afike mbali. Uongo mtupu. Nilikuwa na banda zuri ambalo marehemu mume wangu, Primus, alilijenga kwa mikono yake: sakafu ya zege, hori la mbao nzito, na mfereji unaopeleka samadi moja kwa moja kwenye migomba. Ng'ombe wangu alipozeeka nikamuuza, nikawa natafuta mtamba wa kushika nafasi yake. Banda likakaa tupu kidogo tu. Jumapili moja narudi kutoka misani, nakuta gari limeegeshwa ndani, pua yake iko kwenye hori.

"Mama, ni kwa siku chache," akasema binti yangu Salvina, wala hakuniangalia usoni.

Siku chache za Salvina zilikwenda miaka mitatu.

Huyu Salvina ni kitinda mimba wangu. Wenzake wako Dar es Salaam na Mwanza, wanavaa viatu vya kung'aa, wanakuja Krismasi na kulalamika kwamba maji ya kuoga ni baridi. Yeye mikono yake haijapata kutulia tangu utotoni. Bado yuko shule ya msingi alifungua mashine ya baba yake ya kumenyea kahawa, akapanga vipande vyote juu ya jani la mgomba, na msimu wa kahawa uko katikati! Primus alitaka kulia. Jioni mtoto akaifunga, ikazunguka laini kuliko ilivyonunuliwa, ikabaki skrubu moja mkononi mwake. Mpaka leo hatujui ile skrubu ilikuwa ya wapi.

Alisomea ufundi magari chuo cha VETA, kisha akaajiriwa gereji ya mabasi kule Bomang'ombe. Hakudumu. Alichoka kuambiwa "dada, wewe tushikie tochi" na watu waliokuwa wanafunga boliti kinyume. Akarudi nyumbani, na bandani mwangu akafungua kazi yake: pikipiki, pampu za maji, mashine za kusaga, misumeno ya kupasulia mbao. Watu wanatoka mpaka Kilema kumletea vyuma vyao. Kazi anaijua, hilo nalisema hata nikiwa nimekasirika, na mimi hukasirika mara kwa mara.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye lile gari. Ni kigari cheupe cha zamani, kina macho makubwa, na kwa kuwa kilikuwa kinalala kwenye banda la ng'ombe majirani wakakiita Ndama. Jina likaganda. Asubuhi mtu anapita njiani, badala ya kuniuliza nimeamkaje ananiuliza, "Mama Salvina, Ndama kanyonya?" Nilikuwa najibu kwa hasira, nao wanacheka zaidi.

Ndama alikuwa anajengwa kwa ajili ya mbio za kupandisha. Kila mwaka, Krismasi ikishapita na Wachagga wote bado wako nyumbani, vijana wetu hufungiwa barabara na trafiki, wanashindana kuanzia chini kabisa kwenye mashamba ya miwa, wanapita pembeni mwa mji wa Moshi, wanapanda mpaka geti la kanisa letu. Gari moja moja linaondoka, saa inahesabu. Barabara yetu ni mashimo na mawe, na kona ambazo hata punda hufikiria mara mbili.

Sasa ngoja nikueleze habari ya injini. Nimeishi na maneno hayo mpaka yameniingia bila kupenda, na si magumu. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kwenye silinda. Ikipanda inabana hewa na petroli kwenye kichwa cha injini, ambacho mafundi wanakiita hedi. Plagi inatoa cheche, moto unaisukuma pistoni chini, gari linakwenda. Ukibana zaidi, msukumo unakuwa mkali zaidi. Salvina huo mbano anauhesabu: kumi kwa moja, maana yake kilichojaza madebe kumi unakishindilia kwenye debe moja. Ukizidisha, petroli inajiwasha yenyewe kabla haijaitwa, na hapo injini inagonga. Unasikia mlio kama punje za mahindi zinatikiswa kwenye kopo. Ikigonga kwa muda, lazima kitu kivunjike.

Gasketi ni lile bamba jembamba linalokaa kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, moto na maji visivuje. Ukiweka nyembamba, hedi inashuka na mbano unaongezeka. Ukiweka nene, hedi inainuka na mbano unapungua. Rahisi, siyo? Hata mimi nilidhani hivyo.

Mwaka wa kwanza Salvina aliipeleka hedi kwa Eliufoo, kijana wa Machame mwenye mashine ya kuskimu, yaani kukwangua, hedi pale Moshi mjini. Mlutheri, lakini ana adabu. Wakaikwangua ile hedi, wakaweka gasketi nyembamba, mbano ukafika kumi na moja kwa moja. Aisee, Ndama alipanda! Salvina alikuwa anamjaribu hapa hapa kwetu, kutoka kanisani mpaka karibu na msitu, anashuka na kupanda, kuku wangu wakaacha kutaga. Injini haikugonga hata mara moja.

Siku ya mbio akateremka mpaka kwenye miwa. Hata mji hajaumaliza, injini ikaanza kugonga. Angeachia mafuta, lakini huyo ni baba yake mtupu, akakaza. Gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye silinda, moshi mweupe ukatanda barabara nzima. Ndama akarudi nyumbani akivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu iliyobeba kabichi, akapitishwa mbele ya geti la kanisa umati wote ukiangalia. Watoto waliimba. Mimi nilijifunika kanga usoni.

Mwaka wa pili kila mtu akawa profesa. Bodaboda, katekista, mwenye duka, wote wimbo mmoja: weka gasketi nene. Eliufoo naye akasema hivyo hivyo. Salvina akapandanisha gasketi mbili, mbano ukashuka mpaka kumi na pointi kidogo kwa moja. Hapa juu injini ikawa pole, nzito kidogo kuamka, lakini mlio wake safi. Tukamsindikiza kwa vigelegele. Na kule chini ikagonga tena, mahali pale pale, na pikapu ya kabichi ikamleta tena. Mwenye pikapu akamuuliza kama amwekee nafasi ya mwaka ujao.

Siku hiyo Salvina hakula. Alikaa bandani na mikono yake imelala mapajani, na mimi sijawahi kuiona ile mikono imelala. Niliumia, kwa kweli niliumia sana. Lakini hasira nayo ilikuwepo, na siku iliyofuata nikamwambia basi, imetosha. Jirani yetu Jacob alikuwa na mtamba mzuri, mweusi na madoa, na alikuwa tayari kuniachia mimi kabla ya mtu mwingine. Nikamwambia Salvina aondoe vyuma vyake, ng'ombe anakuja.

Asubuhi nachochea moto jikoni, nageuka, namkuta amesimama mlangoni. Ameshika jani la isale kwa mikono miwili, amelipiga fundo.

Kama wewe si wa huku, isale ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Mtu akikuletea jani lake anakuomba radhi, au anakuomba jambo zito, na wewe huna njia ya kukataa. Watu wamesameheana damu kwa isale. Na huyu mtoto ananiletea mimi kwa ajili ya gasketi!

"Salvina, isale si la mchezo."

"Sichezi, mama. Nipe mwaka mmoja tu. Ndama asipofika getini kwa magurudumu yake mwenyewe, namuuza. Naondoa kila kitu, narudi Bomang'ombe kushika tochi, na hutasikia tena kwangu habari ya injini."

"Na akifika?"

"Akifika, banda ni langu. Sisemi kushinda. Kufika tu."

Nikalipokea lile jani, ningefanyaje? Nililining'iniza juu ya mlango wa jiko, na kila nikipita chini yake nilikuwa nanung'unika.

Miezi ikaenda. Mwezi wa nane nikashuka Moshi kumtembelea mdogo wangu Violet. Nilimbebea maharage ya shambani kwangu, ya gunia lile lile ninalopikia mimi. Violet akayabandika tumeshakunywa chai, na kabla sijamaliza kumweleza habari za majirani maharage yameiva, yamelainika kabisa. Kwangu maharage hayo yanakula asubuhi nzima na nusu ya kuni za kihamba! Nikamwambia kavu kavu, "Violet, umetia magadi." Akaapa kwa majina ya watakatifu wote. Nikainuka, nikafungua kabati lake, natafuta magadi. Nikayakosa. Nikaondoka nimekasirika, maana nilijua ameyaficha.

Nikafika nyumbani nikamwagia Salvina hasira zote. Yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Ananidanganya mimi, niliyemfundisha kupika! Maharage yangu, nimeyalima mwenyewe, yaive kwake haraka hivyo bila magadi?"

Miguu ikaacha kutikisika. "Mama, ni maharage yale yale?"

"Ya gunia moja!"

"Na sufuria?"

"Sufuria yake imebonyea, afadhali hata yangu."

Akatoka chini ya gari polepole, akakaa sakafuni. "Basi si magadi, mama. Ni hewa. Hapa juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage yanachelewa. Kule chini hewa ni nzito." Akajipiga kofi kwenye paji la uso kwa mkono wenye grisi. "Ruwa, Mungu wangu! Na mimi nampimia Ndama huku juu!"

Sikuelewa, akanieleza. Injini ikiwa hapa kwetu inavuta hewa nyepesi na ya baridi, kwa hiyo hata ukiishindilia, unachoshindilia ni kidogo. Ikiwa chini kwenye miwa inavuta hewa nzito, tena ya moto. Mbano kwenye hesabu ni ule ule, lakini kilichomo ndani ni kingi. Miaka yote alikuwa anaipima injini mahali ambapo haiwezi kugonga, halafu anaipeleka ikashindane mahali ambapo lazima igonge. Fundi wa Dodoma asingefanya kosa hilo, wala wa Tanga. Lilimngoja mtu mwenye gereji mgongoni mwa Kilimanjaro.

"Injini iliyopimwa mahali pamoja ni uongo, mama," akasema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Sikumwomba Violet msamaha. Nilimpelekea mkungu wa ndizi, akaelewa.

Wiki ile ile Salvina akamteremsha Ndama mpaka uani kwa Violet, akaanza kumpima kwenye jua la mchana la Moshi. Na Ndama akagonga, tena vizuri sana! Sijaona mtu anafurahia ugonjwa namna ile. Sasa alikuwa anausikia mwenyewe, na anaweza kuutafuta.

Kilichobaki kumsumbua ni gasketi mbili za mwaka wa pili. Kama zilipunguza mbano, kwa nini hazikusaidia? Yeye na Eliufoo walibishana mpaka Violet akawahamishia nje na vikombe vyao. Nilipokwenda kuwaona, Salvina alinionyesha kwa viganja. Pistoni ina kingo bapa, na hedi ina kingo bapa. Zikikaribiana sana, akabana viganja vyake pamoja, petroli na hewa vinarushwa katikati kwenye plagi, vyote vinaungua kwa pamoja upesi. Zikiachana, akavitenganisha kidogo, petroli nyingine inabaki imejificha pembeni, inangoja, inapata moto, inajilipua yenyewe. Ile gasketi nene ilikuwa imepunguza mbano kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine imefungua maficho.

"Kwa hiyo wote tulikosea," nikasema.

"Wewe ulisema niuze gari, mama."

"Nami nimekosea nini hapo?"

Eliufoo alicheka mpaka akamwaga chai.

Walichofanya ni hiki. Walirudisha gasketi nyembamba, kingo zikaribiane. Halafu ule mbano uliozidi wakaupunguza kwa njia nyingine: wakachimba hedi kwenye mashimo yake ya moto, na vichwa vya pistoni wakavipa kibonde katikati, bila kugusa kingo. Kuchimba kidogo, kupima, kuchimba kidogo. Kupima walipimia nini? Bomba langu la sindano ya ng'ombe! Ng'ombe sina, hata sindano yake nayo wamechukua. Wanafunika shimo la hedi kwa kipande cha kioo kilichotobolewa, wanaingiza mafuta ya taa kwa bomba tone kwa tone, wanasoma yameingia kiasi gani.

Na ile nafasi ya kingo, Salvina alianza kuipima kwa donge la unga wa chapati wa Violet. Analiweka juu ya pistoni, anafunga hedi, anazungusha injini kwa mkono, anafungua aone limebaki unene gani. Lakini chapati ukiibonyeza inainuka tena, kila mpishi anajua, ikamdanganya mara mbili mpaka nikamkemea kwa kuchezea chakula. Akaiacha, akatumia waya wa lehemu, ule laini wa mafundi redio. Huo ukibonyezwa unabaki ulivyo. Ukatoka umekuwa bapa, milimita moja pungufu kidogo. Mbano ukawa kumi na pointi kidogo kwa moja, sawasawa na mwaka wa pili. Hesabu ile ile, ila nafasi imekaa mahali pengine. Wakaiwasha jua likiwa kali, Salvina akakanyaga mafuta kwenye mwinuko wa barabara ya mjini na madirisha yamefunguliwa. Ikaimba.

Na mimi huku juu je? Mimi nilikuwa na banda langu. Nilifagia sakafu nzima, nikasugua madoa ya oili kwa majivu, nikamwita Jacob aje aone mtamba wake atalala wapi. Nilipaswa kufurahi. Lakini nyumba ilikuwa kimya, hakuna nyundo, hakuna redio, hakuna mtu wa kugombana naye habari ya viatu vyenye grisi jikoni. Jioni nikawa naenda bandani kufagia tena mahali nilipokwisha kufagia. Siku moja nikaokota spana iliyoanguka nyuma ya hori, nikaiosha kwa sabuni na kuipangusa, na sikumwambia mtu.

Siku ya mbio ikafika. Jacob alikuwa amemleta yule mtamba asubuhi na mapema, akamfunga kwenye uzio wa isale, angoje hukumu kama sisi wengine. Nikavaa kitenge changu cha Krismasi, nikashuka mpaka getini kwa kanisa na wanangu wote wa mjini. Watu walikuwa wengi, pombe ya mbege inazunguka, nyama inachomwa, na ile pikapu ya kabichi imeegeshwa pembeni, mwenyewe amekaa juu ya bodi anakunja kamba yake. Akanipungia mkono. Nikamtazama kwa jicho ambalo nadhani bado analiota.

Magari yakaanza kufika. La kwanza, la pili. La tatu lilikuwa jekundu, la vijana wa Arusha. Kabla halijatokea kwenye kona nikamwambia mkwe wangu wa Mwanza, "Huyo anagonga." Akaniangalia ajabu. Gari likatokea, likapita, likafuka moshi palepale mbele ya geti.

"Mama, umejuaje?"

"Masikio ni ya nini?"

Halafu pakawa kimya. Muda wa Salvina ukafika, ukapita kidogo. Mtu mmoja nyuma yangu akasema Ndama keshalala, na watu wakacheka. Nilikuwa nimelitaka banda lile, nakwambia kweli, na pale nilisali Salamu Maria nisilipate. Mtoto wangu asirudi kushika tochi. Asishike tochi ya mtu tena.

Nikasikia. Mbali, chini, kwenye miti ya misheni. Nikafumba macho, nikawanyamazisha watu wote, hata katekista nilimnyamazisha. Nikatafuta zile punje za mahindi kwenye kopo. Sikuzisikia. Ilikuwa sauti moja, nene, iliyonyooka, inapanda, inafunga kona, inapanda tena.

Ndama akatokea amejaa matope mpaka machoni, akapita getini akiruka. Mimi sikumbuki nilifanya nini. Wanasema nilikimbia nyuma ya gari nikipiga vigelegele, kitenge kimeniponyoka, na kwamba nilimwambia mwenye pikapu maneno ambayo mwanamke wa Jumuiya ya kanisa hasemi. Salvina akatoka, nikamkumbatia na matope yake yote, tukalia kama wajinga. Kumbe alichelewa kwa sababu ya mbuzi barabarani. Kwa saa zao akawa wa tatu.

Eliufoo, aliyekaa pembeni yake kumsomea kona, akatoka anashika mlango. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetapika?"

"Kidogo, mama."

"Umefanya vizuri. Njoo ule."

Tulikula nyumbani, mtori wa ndizi na nyama, uani kumejaa watu. Nikasimama, maana ahadi ni ahadi. Nikasema mbele ya wote, "Jacob, mrudishe mtamba wako. Banda ni la Salvina."

Watu wakashangilia. Salvina hakushangilia. Akaweka bakuli chini.

"Hapana, mama. Mwingize ng'ombe."

"Nini?"

"Siwezi kujengea injini huku juu. Umeona mwenyewe. Hapa zote zinanidanganya. Kuna watu wameshaniomba niwajengee, wa Moshi, wa Arusha. Lazima niwe chini, kwenye hewa nzito. Nimepata chumba jirani na mashine ya Eliufoo." Akanishika mkono. "Banda lako, mama. Ulilitaka."

Yesu, Maria na Yosefu! Nilikuwa nimelipata. Banda tupu, sakafu safi, mtamba yuko nje amefungwa. Nikatamani kumzaba kofi mtu, sikujua nani. Wote wakangoja nifurahi.

"Eti injini iliyopimwa mahali pamoja ni nini?" nikamuuliza.

"Mama?"

"Ulisema mwenyewe, umekaa pale sakafuni. Ni nini?"

"Ni uongo."

"Basi hizo utakazojenga huko chini utazijuaje, bila kuzileta juu? Au watu wako wa Moshi hawapandi mlima?"

Akaanza kucheka. Eliufoo akaangalia bakuli lake.

"Kila Jumapili," nikasema. "Baada ya misa. Uje na injini yoyote unayotaka, na huyo Mmachame wako kama ametulia tumbo."

"Sawa, mama."

"Nimesikia 'sawa' zako nyingi. Siku chache zako pia nimezisikia."

Akainuka, akaenda kwenye uzio, akamfungua kwanza yule mtamba aliyekuwa ameanza kula majani, akachuma jani moja la isale na kulipiga fundo. Akanipa kwa mikono miwili. Nikalining'iniza pale pale juu ya mlango wa jiko, karibu na lile lililokauka.

Jacob akauliza sasa ng'ombe aingie au asiingie. Nikamwambia alete mbao agawanye banda katikati, ng'ombe upande wa hori, na upande wa mlango aache upana wa gari.

Siku hizi maziwa ninayo. Na Jumapili alfajiri, kabla sijaenda misani, nabandika maharage. Hapa kwetu yanachelewa kuiva, na Salvina hufika na njaa.